Askari wa Kifaru

Ilikuwa saa nne usiku. Nilikuwa nimekaa sebuleni, taa nimeshazima, natazama video fupi kwenye simu. Haikuwa na sauti. Kifaru kimoja kilikuwa kinapita kandokando ya mstari wa miti iliyopukutika majani, minyororo yake ikichora mifereji miwili kwenye tope. Kamera ilikuwa juu, inakifuata taratibu, haina haraka. Kisha kitu kidogo, kama panzi, kikaingia kwenye picha kutoka kushoto. Kikajipinda, kikalenga mgongoni, na skrini yote ikawa nyeupe.

Moshi ulipopungua, kifuniko kimoja kilifunguka. Akatoka mtu, akaanguka chini, akaanza kutambaa kuelekea kwenye miti. Kikafunguka kifuniko cha pili. Akatoka mwingine, akakimbia hatua kadhaa, akasimama, akarudi. Alikwenda mbele ya kifaru, akawa anapiga chuma kwa viganja vyote viwili.

"Kimekwisha," nikajisemea.

Sikujua kuwa mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Ana miaka 15. Alikuja kuomba chaja.

"Mjomba," akaniambia, "mbona kilikuwa peke yake?"

Nilizima simu. Nikampa chaja, nikamwambia akalale.

Sikuwa na jibu, na swali lile halikuniacha kwa wiki kadhaa.

Nafuatilia mambo ya vita kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba enzi ya vifaru imepita. Nilikuwa na hoja zangu: gharama, uzito, video kama ile. Niliulizwa maswali mengi, na mengi niliyajibu. Hilo la kijana wa miaka 15 lilikuwa rahisi kuliko yote, nami sikuwahi kujiuliza.

## Jina tulilokipa

Waingereza walipoanza kuunda zana hii katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hawakutaka siri itoboke. Waliokuwa wakiiunda waliambiwa kuwa ni matangi ya kubebea maji. Jina likaganda, na mpaka leo lugha nyingi duniani zinaiita tangi.

Sisi tuliitazama tukaona mnyama. Ngozi nene, pembe mbele, na ule mwendo wa kwenda moja kwa moja bila kuuliza kuna nini. Tukaiita kifaru, halafu sarufi ikafanya kazi yake: kifaru *anakuja* ni mnyama, kifaru *kinakuja* ni chuma. Tofauti ya uhai na chuma imebebwa na kiambishi kimoja.

Kadiri nilivyolifikiria swali la mpwa wangu, ndivyo nilivyoona kwamba jina letu linajua jambo ambalo tangi la maji halilijui.

Kifaru mnyama ana pua kali na masikio mazuri, lakini macho yake ni mabovu. Ukimnyemelea kutoka upande ambao upepo haumpelekei harufu yako, unaweza kumkaribia mno kabla hajakushtukia. Kifaru cha chuma ni hivyohivyo. Tangu siku kile cha kwanza kilipoingia vitani, tarehe 15 Septemba 1916 huko Flers-Courcelette nchini Ufaransa, waliomo ndani wamekuwa wakiitazama dunia kupitia nyufa. Siku hizi kuna vioo vya periskopu, kamera, na darubini zinazoona joto la mwili gizani, na kwa upande wa mbele zinaona mbali sana. Lakini funga vifuniko vyote, ingia mahali penye vichaka na kuta, na wanaume watatu au wanne waliomo ndani hawamwoni mtu aliyelala mtaroni mita 20 kutoka kwenye mnyororo.

Na kifaru mnyama ana ndege wake. Ni yule mdogo mwenye mdomo mwekundu anayetembea mgongoni mwake akidonoa kupe. Kwa Kiswahili anaitwa askari wa kifaru.

Nililijua jina hilo tangu utotoni na sikuwahi kulitafakari. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Watafiti waliwanyemelea vifaru weusi, wengine wakiwa na ndege mgongoni, wengine hawana. Wasio na ndege, mara nyingi hawakumshtukia kabisa mtu aliyekuwa akiwakaribia, na walipomshtukia alikuwa amefika wastani wa mita 27. Wenye ndege walimshtukia kila mara, akiwa bado mita 61 hivi. Na kuna jambo jingine lililonifanya nisimame kusoma. Ndege anapolia, kifaru hugeukia upande ule upepo unakoelekea, yaani upande ambao pua yake haimsaidii. Haambiwi mtu yuko wapi. Anaambiwa tu kuwa yupo, naye anageuza uso kule anakojua kwamba hajui.

Mpwa wangu hakuwa ameusoma utafiti wowote. Aliona kifaru, akauliza askari wake yuko wapi.

## Sinai, Oktoba 1973

Kifaru kimeshazikwa mara nyingi. Mazishi ninayoyafahamu kuliko mengine ni ya Oktoba 1973.

Mwaka 1967 vifaru vya Israeli vilikuwa vimelikata jangwa la Sinai kwa siku chache, na ushindi ule ukafundisha somo baya: kwamba kifaru na ndege za kivita zinatosha, wengine watafuata. Misri ilipovuka Mfereji wa Suez tarehe 6 Oktoba 1973, askari wake wa miguu walibeba roketi za RPG-7 na masanduku kama ya nguo. Ndani ya sanduku kulikuwa na kombora dogo la Kisovieti liitwalo Malyutka. Tarehe 8 Oktoba vifaru vya Israeli vilijibu mapigo vikiwa na askari wa miguu wachache na mizinga michache nyuma yao. Viliteketezwa. Baada ya hapo wengi walianza kusema kwamba zama za kifaru zimefika mwisho.

Hapa naomba tumtazame yule mtu mwenye sanduku, kwa sababu kila kitu kimejificha kwake.

Amelala nyuma ya kilima cha mchanga. Ana kijiti cha kuongozea, na kombora linaporuka linaacha nyuma waya mwembamba unaolifikishia amri za mkono wake. Kombora lenyewe si la haraka. Kulifikisha kilomita 3 huchukua takriban sekunde 25, na sekunde zote hizo ni lazima alitazame kombora na akitazame kifaru, mkono usitetemeke. Ukimpiga, kombora limepotea. Hata usipompiga, ukirusha risasi karibu yake, ukamtimulia vumbi machoni, akainamisha kichwa kwa sekunde mbili, kombora limepotea.

Waisraeli waliligundua hilo wakiwa vitani. Wakaanza kuvitazamisha baadhi ya vifaru kwenye matuta badala ya kutazama shabaha. Wakaongeza bunduki za rashasha, makombora ya moshi, mizinga, na askari wa miguu wa kuwafuata wenye masanduku huko huko mchangani. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba walikuwa wanavuka mfereji kwenda upande wa pili.

Jifya moja haliinjiki chungu. Kifaru ni figa moja. Askari wa miguu ni la pili. Mizinga ni la tatu. Ondoa mojawapo, chungu kinamwagika.

## Nilivyojifariji

Basi nilipata jibu la kumpa mpwa wangu, na lilinipendeza sana. Kila mara kifaru kilipotangazwa kufa, kilikuwa kimekwenda peke yake.

Nilianza kukusanya ushahidi usiku baada ya usiku. Fada, kaskazini mwa Chad, Januari 1987: wapiganaji wa Chad kwenye magari madogo ya Toyota, wakiwa na makombora ya MILAN ya kupigia vifaru, waliteketeza zaidi ya vifaru 90 vya Libya. Vilikuwa vimekaa kama ngome, havina macho mbele yao jangwani. Grozny, mji mkuu wa Chechnya, mkesha wa mwaka mpya 1995: brigedi ya 131 ya Urusi iliingia mjini kwa safu, kana kwamba ni gwaride. Wachecheni wakawa kwenye vyumba vya chini ya ardhi na ghorofa za juu, mahali ambapo mzinga wa kifaru haushuki wala haupandi kiasi cha kuwafikia. Walipiga cha mbele na cha mwisho, vya katikati vikanasa. Brigedi ile ilipoteza vifaru 20 kati ya 26. Hata huko Cambrai mwaka 1917, siku ya shangwe kubwa ya kwanza ya vifaru, pale Flesquières mambo yalikwama kwa sababu askari wa miguu walibaki nyuma mno, vifaru vikafika peke yao mbele ya mizinga ya Wajerumani.

Halafu upande wa pili wa shilingi. Septemba 2022 Waukraine walitoboa upenyo katika mkoa wa Kharkiv na kukomboa Balakliya, Kupiansk na Izium kwa siku chache. Vifaru vilikuwemo, lakini havikuwa peke yao. Mbele yao kulikuwa na watu waliojua mstari wa adui ni mwembamba wapi.

Nilikuwa nimekaribia kumwita kijana nimwambie: umeona, kosa halikuwa la kifaru, ni la waliokituma bila askari wake.

Kisha nikaitazama tena ile video.

## Ndege alikuwepo

Nilikuwa nimeitazama mara nyingi bila kujiuliza swali moja. Nani alikuwa anapiga picha?

Kulikuwa na droni mbili. Moja ndiyo ile iliyolipuka. Nyingine ilikuwa juu, imetulia, inatazama, na kwa jinsi ilivyokifuata kifaru kile kwa utulivu, ilikuwa imekiona muda mrefu kabla video haijaanza. Labda ilikiona kinatoka mafichoni. Labda ilikisubiri.

Kiswahili kinatumia neno moja kwa kiumbe mwenye manyoya na kwa mashine inayoruka. Ndege alikuwepo mgongoni mwa kifaru. Alikuwa wa adui.

Hapo hoja yangu nzuri ilianza kupata ufa. Mtu wa Sinai alikuwa amelala mchangani, kilomita 3 kwa mbali kabisa. Angeweza kutishwa. Mtu anayeongoza droni ndogo amekaa kwenye handaki au chumba cha chini, kilomita kadhaa nyuma ya mstari, miwani ya skrini usoni, anaona kile droni inachokiona. Mrushie vumbi gani? Askari wa miguu atamfuata vipi? Huko Ukraine walijaribu kuvuruga mawimbi ya redio, na kwa muda ilisaidia sana. Kisha mwaka 2024 zikaenea droni zinazoburuta waya mwembamba wa faiba, kilomita 10 na zaidi, na waya hauvurugwi na mtambo wowote wa mawimbi. Miaka 50 baada ya Malyutka, waya umerudi, na safari hii mwenye kijiti haonekani.

Na askari wa miguu, lile figa la pili, ndio wanaowindwa zaidi kuliko wote. Droni inayogharimu dola mia kadhaa humfuata mtu mmoja mmoja kwenye handaki. Ukimwambia askari atembee kando ya kifaru ili awe macho yake, umemweka kando ya kitu kinachoonekana kuliko vyote uwanjani, hana chuma cha kumkinga.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Kusema "kifaru kisiende peke yake" ni rahisi. Kiende na nani?

## Chuma kwa karibu

Watu hushangaa kwamba kitu cha kilo chache kinamaliza kitu cha tani 40, hata 60. Siri iko kwenye umbo la kichwa cha bomu. Ndani yake kuna baruti iliyochongwa kama faneli, na faneli hiyo imevikwa shaba nyembamba. Inapolipuka, shaba hubanwa ikawa mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita 8 hadi 10 kwa sekunde. Wengi huamini kwamba unayeyusha chuma. Hauyeyushi. Unakisukuma kando kwa shinikizo kubwa mno, kama mkondo wa maji unavyotoboa udongo, na tundu linalobaki nje unaweza kuliziba kwa kidole.

Deraya nene ya kifaru, yaani chuma cha kukikinga, iko mbele, kwa sababu kwa miaka zaidi ya 80 hatari ilitoka mbele. Juu ya paa, kwenye kifuniko cha injini na nyuma ya kichwa kinachozunguka, chuma ni chembamba, kwa vipimo vya sentimita tu. Ukitaka kuneneesha pande zote sawasawa, utapata kitu ambacho hakuna daraja litakalokibeba. Marekani tayari ina kifaru cha Abrams kinachozidi tani 66, na jeshi lake lilitangaza mwaka 2023 kwamba linaachana na maboresho yaliyokuwa yamepangwa na linatafuta muundo mwingine ulio mwepesi.

Kombora la Javelin lilijua udhaifu huo wa paa mapema: hupaa juu kisha hushuka. Ila Javelin ni ghali na huhesabiwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila anayeweza kuongoza droni anaweza kuchagua sentimita anayoitaka, na akikosa, ipo ya pili, na ya tatu.

Waliomo ndani wamejibu kama binadamu yeyote angejibu. Wamefunika vyombo vyao. Walianza na vyandarua vya chuma juu ya paa. Wakaongeza minyororo inayoning'inia, mipira, mbao. Aprili 2024 vilionekana vifaru vya Urusi vimejengewa banda zima la mabati, ukivitazama huoni kifaru, unaona ghala linalotembea. Warusi wenyewe wameviita mangal, jiko la kuchomea nyama. Banda linakizuia kichwa kisizunguke na linawanyima waliomo ndani hata macho machache waliyokuwa nayo. Wameliweka hivyo hivyo, na baadhi yao limewafikisha walikokuwa wanakwenda.

Niliwahi kuzicheka picha zile. Sasa sizicheki. Ni kazi ya mtu aliyekaa na mashine ya kuchomelea usiku kucha akijua kwamba asubuhi ataingia humo.

## Kazi iliyobaki

Kifaru cha leo kwenye mstari wa Ukraine kinaishi tofauti na kile cha vitabuni. Kimefichwa chini ya miti au ndani ya shimo lililofunikwa, kilomita kadhaa nyuma. Kinatoka, kinarusha mabomu machache kwa mbali kwa kuelekezwa na droni ya upande wake, kinarudi kabla hakijatafutwa. Kwa maneno mengine, kinafanya kazi ya mzinga. Kinapokwenda mbele, mara nyingi huwa ni kimoja au viwili, mbio, katika mvua au ukungu ikiwezekana.

Umati wa vifaru ndio uliopotea. Huwezi tena kukusanya 50 mahali pamoja bila kuonekana, na vikionekana, vitasubiriwa. Wanaohesabu kwa picha zilizothibitishwa peke yake wamerekodi zaidi ya vifaru 3,000 vya Urusi vilivyopotea tangu Februari 2022.

Lakini nisizilaumu droni kwa yote. Juni 2023, karibu na Mala Tokmachka, vifaru vya Leopard na magari ya deraya ya Bradley ya Ukraine yalionekana yamebanana shambani, yamekufa pamoja. Kilichoyasimamisha kwanza ni mabomu ya kutegwa ardhini, silaha ya zamani kabisa, iliyopandwa kwa wingi usio wa kawaida. Bomu la ardhini linakata mnyororo. Kifaru kikisimama, ndipo wengine wote wanapata muda. Ukiniuliza ni kitu gani kimekibana kifaru zaidi katika vita hii, nitakujibu kwamba ni ndoa ya hivyo viwili: ardhi inayokisimamisha na jicho la juu lisilofumba.

## Waliotupa na walionunua

Hili nitalipitia haraka, maana limesemwa sana. Mwaka 2020 kikosi cha wanamaji wapiganaji wa Marekani kilitangaza kuachana na vifaru vyake vyote. Watu kama mimi tulishangilia tukaona tumethibitishwa. Mwaka 2022 Poland, iliyo jirani na vita, ilitia saini kununua Abrams 250 za Marekani na vifaru 180 vya K2 kutoka Korea Kusini. Uholanzi iliamua mwaka 2011 kuondoa vifaru vyote, ikaiuzia Finland Leopard 100 mwaka 2014, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba inanunua Leopard mpya.

Waholanzi si wajinga, na hizo video tunazoziona sisi wao wanaziona nyingi zaidi. Nilijilazimisha kujiuliza wanaona nini nisichokiona.

Nadhani wanaona handaki. Mbele ya handaki kuna mita 500 za uwanja mtupu, na huko ng'ambo kuna bunduki ya rashasha ndani ya nyumba ya matofali. Mtu fulani lazima avuke. Atavuka na nini? Kwa miguu? Kwa pikipiki, kama Warusi walivyofanya na wanavyofanya? Kila kinachoonekana kinapigwa, kifaru, lori, pikipiki, mtu. Kati ya vyote hivyo, ni kifaru peke yake kinachoweza kupigwa na droni ya kwanza na ya pili, kikaendelea kwenda, halafu kikaibomoa ile nyumba ya matofali kwa bomu moja. Nilikuwa nikipima kifaru kwa swali la kama kinaweza kuuawa. Hicho hakijawahi kuwa kipimo cha kitu chochote vitani. Askari wa miguu anauawa na kipande cha chuma cha gramu moja tangu kuwepo baruti, na hakuna aliyesema enzi yake imekwisha.

Kwa hiyo nimeondoka kwenye msimamo wangu. Nasema hivi bila furaha, maana nilikuwa na hakika nao.

Nadhani pia askari wa kifaru anarudi, kwa sura nyingine. Mifumo ya kujikinga kama Trophy, ambayo Merkava ya Israeli iliitumia kwa mara ya kwanza vitani mwaka 2011 kutungua kombora linalokuja, ilitengenezwa hasa kwa ajili ya roketi zinazotoka pembeni. Sasa inafundishwa kutazama juu. Watu wanajaribu droni za kuwinda droni. Wengine wanatamani kila kifaru kitembee na ndege wake, anayetangulia na kulia mapema. Kama itatosha ni jambo jingine. Ndege wa mgongoni humpa kifaru mita 61. Chombo cha tani 60 kwenye tope kinahitaji kilomita.

Na kuna jambo kuhusu yule ndege ambalo huachwa. Hali kupe tu. Hudonoa pia vidonda vya kifaru na kunywa damu.

## Kifuniko cha tatu

Wiki iliyopita nilimwita mpwa wangu. Nilimweleza kuhusu ndege, Sinai, waya, mita 61. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilipomaliza aliniomba nimwonyeshe tena ile video. Nilisita. Kisha nikampa simu, kwa sababu swali lilikuwa lake.

Aliitazama mpaka mwisho. Akarudisha nyuma. Akasimamisha pale yule mtu wa pili anaporudi.

"Huyu anapiga chuma kwa nini?"

Vifaru vya muundo huo wa Kisovieti hubeba watu watatu. Kamanda na mpiga mzinga hukaa kichwani, kila mmoja na kifuniko chake. Chini yao, sakafuni, mabomu na baruti zake hupangwa kwenye duara. Kwenye kifaru cha T-72 huwa 22. Moto ukifika hapo, kichwa kizima hung'oka na kurushwa juu. Abrams huweka mabomu yake mengi nyuma, kwenye chumba chenye mlango wa chuma na paa la kufumuka, ili mlipuko uende juu na watu wabaki. Hiyo ni tofauti ambayo haionekani kwenye orodha za unene wa deraya, nami nilikuwa nimeichukulia kama jambo dogo.

Dereva hukaa mbele, peke yake, chini. Kifuniko chake kiko chini ya mzinga. Kichwa kikisimama vibaya, mzinga ukalala juu ya kile kifuniko, hakifunguki.

Nilimwonyesha kwa kidole. Mzinga ulikuwa umegeuka kidogo kulia, umelala hapo hapo.

"Kumbe wako watatu," akasema.

"Watatu."

Usiku ule nilisema *kimekwisha*.

Video inaendelea kwa sekunde 11 zaidi. Nimezihesabu. Mtu wa pili anapiga chuma, anaingiza mikono chini ya mzinga, anajaribu kuunyanyua kwa bega, mzinga wenye uzito unaozidi tani mbili. Yule wa kwanza, aliyekwisha kufika kwenye miti akitambaa, anageuka na kuanza kutambaa kurudi. Kamera ya juu haisogei. Kisha inakatika.